Mnyonge Mshindi na Swali la "Kisha": Filamu za Michezo Zitokanazo na Visa vya Kweli na Hadhira ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mnyonge anayemshinda mwenye nguvu si mhusika mgeni katika fasihi simulizi ya Pwani ya Kenya. Katika ngano za Wagiriama yumo Katsungula, yule sungura ambaye simba na ndovu humzidi kwa kila kitu isipokuwa akili. Ngano hizo zimesimuliwa kwa muda mrefu katika vijiji vya bonde la Mto Sabaki, kikiwamo Jilore, wadi ya Malindi katika Kaunti ya Kilifi, iliyoko baina ya mto huo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hadhira ya ngano hizo haikai kimya. Huitikia nyimbo, humkatiza fanani, humsahihisha, na hadithi inapokwisha huuliza: kisha?

Filamu inayosimulia kisa cha kweli cha mwanamichezo maskini aliyepata ushindi huja kwa hadhira ya namna hii ikiwa na umbo lililokwisha kukomaa kwingine. Umbo hilo lina hatua zinazojulikana: dhiki, mwalimu anayetokea bila kutarajiwa, mazoezi, anguko la kwanza, na hatimaye ushindi unaoshangiliwa na umati. Baada ya shangwe, maandishi machache hupita kwenye kiwambo kueleza kilichompata mhusika, na taa huwashwa.

Makala haya yanafuatilia kihistoria uhusiano wa hadhira ya Afrika Mashariki na umbo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba unyonge wa nguli wa filamu hizi hautokani na maisha yake peke yake. Huumbwa kwa kuchagua mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea. Hadhira ya Afrika Mashariki, iliyolelewa na fasihi simulizi na kuzoeshwa sinema na wafasiri, ina zana za kulitambua jambo hilo. Swali lake la "kisha" mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ushamba wa mtu asiyejua sinema inavyokwisha. Hapa linachukuliwa kuwa ni kigezo halali cha uhakiki.

2.0 Hadhira iliyodhaniwa haioni

Historia ya sinema vijijini Afrika Mashariki inaanza na dhana kuhusu mtazamaji. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Viongozi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Mradi ulitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na uwekaji akiba, ukazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti iliwekwa katika sahani za santuri ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo picha ziende polepole, kamera isirukeruke, kila tendo lioneshwe mwanzo hadi mwisho, na hadithi iwe moja iliyonyooka. Kwa maneno mengine, kabla mnyonge hajawa mhusika kwenye kiwambo, mtazamaji mwenyewe alikwisha kufanywa mnyonge.

Kisa kilichotumiwa sana kuthibitisha dhana hiyo kilisimuliwa na John Wilson, na kikapata umaarufu Marshall McLuhan alipokieleza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy (1962). Wanakijiji wa Kiafrika walioneshwa filamu fupi ya kufundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kuwa wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa mna kuku. Ilibidi waipitie picha kwa picha, na kweli wakamwona akipita pembeni kwa muda wa kama nukta moja. Wilson na McLuhan walikichukua kisa hiki kuwa ni ushahidi wa jicho lisilojua kusoma picha. Kinaweza kusomwa kinyume kabisa. Watazamaji waliona kitu kilichokuwamo kweli, ambacho wenye filamu hawakukijua. Hawakushindwa kutazama, ila hawakutazama pale walipotakiwa.

3.0 Mfasiri kati ya kiwambo na umati

Jicho hilo lilipata sauti kupitia kwa mfasiri. Katika maonesho ya magari ya sinema wakati wa ukoloni, mara nyingi alisimama mtu mwenye kipaza sauti akieleza picha kwa lugha ya wenyeji. Kazi yake rasmi ilikuwa kupeleka ujumbe wa serikali. Lakini aliyeshika kipaza sauti alikuwa pia fanani mbele ya watu wake, na fanani hujibizana na hadhira.

Mijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika majumba ya sinema ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, filamu za Kihindi zilipendwa na watu wengi wasiojua Kihindi. Utafiti wa Laura Fair kuhusu sinema Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018 kwa jina la Reel Pleasures, unaonesha kwamba filamu kama Awaara (1951) ya Raj Kapoor, inayohusu kijana aliyetupwa na jamii, ilijadiliwa majumbani na barazani muda mrefu baada ya kuoneshwa. Watazamaji waliipima kwa maisha yao wenyewe: nani alaumiwe, baba au mwana? Mapenzi yana haki gani mbele ya ukoo? Filamu ilikwisha ukumbini, lakini maana yake ilikamilishwa nje.

Mikanda ya video ilipoenea, mfasiri alirudi kwa nguvu mpya. Katika vibanda vya video, filamu za Kimarekani, za Kihindi na za Kichina zilianza kusimuliwa upya kwa lugha za hapa. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya ikamjua DJ Afro, na Uganda ikawa na mafundi wengi wa kazi hiyo kwa Kiganda. Mafundi hao hawatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina la mtaani, humcheka, humwonya, hueleza alikotoka na kutabiri atakakoishia. Mtafiti Matthias Krings, aliyeichunguza kazi hii Tanzania, ameonesha kuwa msimulizi wa video huifanya filamu ya kigeni kuwa simulizi ya wenyeji. Kwa istilahi za fasihi simulizi, filamu hugeuka kuwa malighafi ya fanani, na ukomo uliowekwa na mwongozaji hauwi tena ukomo wa lazima.

4.0 Namna mnyonge anavyoumbwa

Ikiwa hadhira ina uwezo huo, sharti iulizwe inakutana na nini. Mfano wa karibu zaidi ni wa Mtanzania John Stephen Akhwari. Katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Akhwari alianguka na kuumia goti. Hakutoka mbioni. Aliingia uwanjani akichechemea, goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Kamera zilikuwapo, na dakika zile chache zimeoneshwa tena na tena duniani kote kama picha ya moyo usiokata tamaa.

Picha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo haikuonesha mwanzo wala kisha. Akhwari hakuwa mtu dhaifu aliyejitosa katika mambo yasiyo yake. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, na miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, alimaliza marathoni akiwa wa 5 kwa muda wa takriban saa 2 na dakika 15. Mbio za Edinburgh hazikumbukwi na wengi. Dunia imempenda zaidi Akhwari aliyeshindwa kuliko Akhwari aliyekimbia vizuri, kwa sababu kushindwa kwake kulikuwa na umbo la hadithi. Unyonge wake ulitokana na mahali picha ilipokatwa.

Filamu za kubuni zinazotegemea visa vya kweli huenda hatua zaidi. Cool Runnings (1993) inatokana na timu ya Jamaika iliyoshiriki mbio za magari ya kuteleza barafuni katika Olimpiki ya Calgary mwaka 1988. Majina ya wachezaji yalibadilishwa na kocha akabuniwa. Gari lao lilipinduka kweli. Katika filamu, wachezaji wanalibeba mabegani hadi mwisho wa njia huku umati ukiwapigia makofi. Katika tukio lenyewe walitembea kando yake. Badiliko ni dogo, lakini ndilo linalotoa machozi, na filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 150. Vivyo hivyo Dangal (2016), filamu ya Kihindi kuhusu mabinti wa mwanamieleka Mahavir Singh Phogat. Geeta Phogat alishinda fainali yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka 2010 bila taabu kubwa. Filamu ikaigeuza fainali hiyo kuwa ya roho mkononi, ikaongeza na kisa cha kocha mwenye husuda na baba aliyefungiwa chumbani. Kocha aliyekuwa na timu wakati huo, P. R. Sondhi, alilalamika hadharani jinsi nafasi yake ilivyochorwa.

Si kazi ya uhakiki kudai kwamba sanaa isiongeze chumvi. Fanani wa Kigiriama naye huongeza. Tofauti iko katika kinachotiwa chumvi. Filamu hizi hukuza juhudi za mtu mmoja katika saa moja ya hatari. Katika ngano ya mbio za kobe na sungura, kama isimuliwavyo sehemu nyingi za Afrika, kobe hashindi kwa sababu sungura amelala. Anashinda kwa sababu amewapanga ndugu zake njiani, kila mmoja mahali pake, na sungura kila anapoita huitikiwa na kobe aliye mbele. Ushindi wa mnyonge hapo ni ushindi wa ukoo uliokubaliana. Aliyelelewa na ngano hiyo, akimwona nguli peke yake jukwaani, hana budi kuuliza ndugu wako wapi.

5.0 Queen of Katwe na mtihani wa nyumbani

Filamu iliyokaribia kulijibu swali hilo ni Queen of Katwe, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016 na kuongozwa na Mira Nair, mwongozaji mwenye asili ya India ambaye kwa miaka mingi amekuwa na makao Kampala. Inamhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe aliyejifunza sataranji katika kikundi cha watoto kilichoendeshwa na Robert Katende. Kisa chake kiliandikwa kwanza na mwandishi wa michezo wa Marekani, Tim Crothers, katika jarida la ESPN mwaka 2011, kisha katika kitabu mwaka 2012. Madina Nalwanga aliigiza nafasi ya Phiona, David Oyelowo ya Katende, na Mkenya Lupita Nyong'o ya mama mzazi, Harriet.

Kwa upande wa msuko, hatua zote za umbo lile zimo. Lakini Nair aliweka uzito pale ambapo filamu za aina hii hupita haraka. Mama hakuchorwa kama kizuizi kinachongoja kushawishiwa. Ana hesabu zake za kodi ya nyumba, mahindi ya kuuza na mabinti wa kulinda, na hofu yake kwamba mchezo utampa mtoto ndoto zisizolipika ina msingi. Mafuriko yanapoingia nyumbani, medali haizuii maji. Watoto wa kikundi nao si pambo: msichana mdogo kuliko Phiona ndiye anayemfundisha mwendo wa kete, akimweleza jinsi kete ndogo kuliko zote inavyoweza kufika ng'ambo na kuwa malkia. Hapo kobe amewapanga ndugu zake.

Ushindi wenyewe haukukuzwa kupita kiasi. Katika Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Istanbul mwaka 2012, Mutesi alipata daraja ambalo ni la chini kabisa katika ngazi za heshima za wanawake wa mchezo huo duniani. Mpenzi wa sataranji aweza kuuliza umalkia uko wapi. Jibu la filamu ni kwamba umalkia uko katika nyumba ambayo binti anampatia mama yake. Kipimo cha ushindi kimehamishwa kutoka ubaoni hadi nyumbani, na hicho ni kipimo ambacho hadhira ya Jilore ingekitambua bila mfasiri.

Jambo la maana zaidi linatokea baada ya hadithi kwisha. Majina yanapoanza kupita, kila mwigizaji anatokea akiwa amesimama pamoja na mtu halisi aliyemwigiza. Wenye kisa wanaonekana kwa miili yao, wakiwa hai, wakiwatazama waliowavaa. Filamu nyingi huonesha picha za watu halisi mwishoni kuwa hati ya ukweli. Hapa wamewekwa bega kwa bega, na mtazamaji analazimika kupima tofauti.

Mapokezi yake yalikuwa na kinaya. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore walipotoka ukumbini waliipa alama ya A+, ambayo ni filamu chache sana huipata. Hata hivyo filamu iliyogharimu takriban dola milioni 15 iliingiza takriban milioni 10 tu. Walioiona waliipenda, lakini hawakuwa wengi. Huenda umati ulikuwa umezoea mnyonge anayeshinda mara moja tu, jukwaani, bila mama mwenye hesabu za kodi.

Na kisha? Mwaka 2017 Mutesi alikwenda kusoma chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani, pamoja na mwenzake wa kikundi kile. Nikita Pearl Waligwa, aliyeigiza nafasi ya yule msichana mdogo anayefundisha mwendo wa kete, alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 15. Hakuna maandishi ya mwisho wa filamu yanayoweza kulitangulia jambo kama hilo. Ndiyo maana swali la "kisha" haliwezi kuachiwa wenye filamu peke yao.

6.0 Sabaki na hadithi isiyokubali kukatwa

Jilore ina mfano wake wa kisa cha kweli cha mnyonge, ingawa si cha michezo, na mfano huo unaeleza kwa nini hadhira ya huko isiridhike na shangwe ya mwisho. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1913. Masimulizi hupenda tukio lake na Arthur Champion, ofisa wa serikali: mama huyo anamletea kuku na vifaranga, anamwambia achukue kifaranga kimoja, na kuku anamdonoa. Hivi, alisema, ndivyo tutakavyofanya mkiwachukua wana wetu. Alikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii. Mwaka 1914 alitoroka na kurudi kwao kwa miguu, akikata nchi nzima.

Mwandishi wa filamu angekomea hapo, na machozi yangekuwa halali. Historia haikukomea hapo. Alikamatwa tena. Agosti 1914 serikali iliulipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na vita vilivyofuata vilikwisha kwa nyumba kuchomwa na watu kuuawa. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana wa kazi, na waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Jilore iko kwenye ukingo wa kusini wa mto huo huo. Mekatilili aliachiwa mwaka 1919 akarudi kwao. Leo sanamu yake imesimama Malindi.

Je, alishinda? Inategemea hadithi imekatwa wapi. Ikikatwa katika kuku, ni ushindi. Katika baruti, ni maangamizi. Katika sanamu, ni ushindi wa aina nyingine. Hadhira inayoishi kando ya mto uliokuwa mpaka wa adhabu haiwezi kukata popote, maana yenyewe ni sehemu ya "kisha". Kuku wa Mekatilili na kuku wa Wilson wanatoa funzo moja: kilicho pembeni mwa picha kwa mwenye kamera chaweza kuwa ndicho kiini kwa mwenye kutazama.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha hadhira ambayo kwanza iliambiwa haioni, kisha ikajipatia msimulizi wake, na hatimaye ikaanza kujiona yenyewe kwenye kiwambo. Kwa uhakiki wa Kiswahili, matokeo yake ni maswali matatu yanayofaa kuulizwa kila filamu ya mnyonge mshindi. Nguli alikuwa nani kabla ya dhiki anayooneshwa nayo? Ndugu waliosimama njiani ni akina nani, na filamu imewapa nafasi gani? Na baada ya shangwe, kisa chake kilimfaa nani?

Swali la tatu ndilo zito. Kisa cha kweli ni mali ya mtu anayeendelea kuishi. Watoto wa Katwe, kama watoto wa Jilore, wanaweza kuombwa wakati wowote watoe maisha yao yawe hadithi ya kuwatia wengine moyo. Ombi hilo si baya. Lakini aliyetoa hadithi ana haki ya kutobaki mnyonge milele kwa sababu tu picha yake ya unyonge ndiyo iliyopendwa. Akhwari alikimbia Edinburgh. Uhakiki unaofahamu hivyo umekwisha kumtendea haki ambayo zile dakika chache za Mexico hazikumtendea.